Tembea Kaloleni kabla hujachelewa

Mkaa bure si sawa na mtembea bure, walinena wahenga. Leo basi, msomaji mpenzi, nakuomba uvae viatu vilivyozoea miguu yako, umshike mtoto mkono, na ufuatane nami matembezini. Hatuendi Mombasa wala Maasai Mara, na hakuna haja ya kuweka akiba mwaka mzima. Tunakwenda Kaloleni, mtaa ulio kando ya Barabara ya Jogoo, ambao yamkini umeupita mara elfu moja ukiwa ndani ya matatu na hujawahi kushuka hata siku moja.

Wazo hili silo langu. Aliyenipa ni mwanangu, mwanafunzi wa Gredi ya Saba. Ijumaa moja alirudi nyumbani kwetu Tassia akiwa amenuna. Mwalimu alikuwa amewapa kazi ya kuandika kurasa mbili juu ya historia ya mtaa. Mtoto alikaa mezani saa nzima akitafuna kalamu, kisha akaniuliza: "Baba, kwani Tassia ina historia gani? Hapa si ni maploti tu?"

Nilicheka, lakini kicheko kikanikauka. Nilichungulia dirishani nikaona ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ningenyosha mkono ningemwazima chumvi. Chini kulikuwa na mkokoteni wa mitungi ya maji, juu kamba za nguo zilizofunika anga lote. Tassia ina historia, bila shaka. Ardhi hii ilikuwa ya NSSF, na wakazi wa siku nyingi wanaweza kukusimulia habari za hati na mivutano hadi alfajiri. Lakini hiyo ni historia ambayo bado ina moto, na mtoto hawezi kuishika bila kuungua. Nikamwambia, "Weka kalamu chini. Jumapili twende Kaloleni kwa nyanya yako." Nyanya huyo ni shangazi yangu, aliyeolewa katika mtaa huo mwaka 1967 na hajahama tangu siku hiyo.

Haya basi, tuanze safari. Ukitoka Tassia, panda matatu inayofuata Outer Ring hadi Donholm, kisha iingie Barabara ya Jogoo kuelekea mjini. Mpe mtoto kiti cha dirishani, kwa maana darasa linaanza mara tu gari linapokata kona.

Jina Donholm lenyewe limetoka mbali. Enzi za ukoloni hapa palikuwa na shamba la Mskoti mmoja, James Kerr Watson, aliyeliita Doonholm kwa kukumbuka kwao Scotland. Barabara hii nayo iliitwa Donholm Road. Baada ya uhuru ikapewa jina la Jogoo, yule yule aliyekuwa alama ya chama cha KANU. Kwa hiyo ukisikia makanga akiita "Jogoo Road, Jogoo Road!", jua kwamba anapiga kampeni ya zamani bila yeye mwenyewe kujua.

Utapita karibu na Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu tano katika miaka ya 1970 na 1980 kwa ajili ya familia za watumishi wa ofisini waliotaka kununua nyumba zao. Mbele kidogo utasikia majina ya Jericho, Maringo, Bahati na Mbotela. Watu wengi hawajui kwamba baadhi ya majina haya ni makaburi. Mitaa inayoitwa Ofafa, kama vile Ofafa Jericho na Ofafa Maringo, inamkumbuka Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka 1953. Mbotela unamkumbuka Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Novemba 1952, majuma machache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Huyu alikuwa wa ukoo wa Mbotela wa Frere Town, Mombasa, ukoo uleule uliotupa mtangazaji mashuhuri Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025.

Mwanangu alisikia hayo akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe tunapita juu ya watu." Sikumsahihisha.

Sasa mwambie makanga akushushe karibu na uwanja wa City Stadium. Siku hizi uwanja huu umepewa jina la Joe Kadenge, mchezaji kandanda aliyetia fora katika miaka ya 1960 na ambaye aliaga dunia mwaka 2019. Hata hivyo ukimwuliza mtu njia, sema City Stadium, utaelekezwa upesi zaidi. Hapo ndipo mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards wameliliana na kuchekana kwa miaka na mikaka. Jirani na hapo kuna soko la Burma, maarufu kwa nyama. Usidhani jina hilo limebuniwa na mwenye bucha. Ni nchi ya mbali huko Asia, ambako maelfu ya vijana wetu walipelekwa kupigana katika jeshi la KAR wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Waliobahatika kurudi walirudi na jina hilo mdomoni, nalo likabaki.

Ukiipa Barabara ya Jogoo kisogo na kuingia Kaloleni, jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba kelele imepungua. La pili ni miti. La tatu ni mapaa ya vigae vyekundu. Nyumba ni za mawe, hazina ghorofa, nazo zimepangwa kuzunguka viwanja vya majani kama watu waliokaa kuota moto. Simama kidogo hapo ulipo. Mwulize mtoto anaona nini kisichopatikana kwenu. Wangu alijibu mara moja: "Anga."

Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940. Wazee husimulia kwamba miongoni mwa waliojenga walikuwa mateka wa Kiitaliano waliokamatwa katika vita vya Uhabeshi. Ikiwa umewahi kushuka bonde la ufa kupitia Mai Mahiu, unakijua kile kikanisa kidogo kilicho kando ya barabara. Nacho kilijengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. 

Fikra iliyouchora mtaa huu ilitoka Uingereza. Mwaka 1898 Mwingereza aliyeitwa Ebenezer Howard alitoa kitabu akipendekeza miji ya bustani, yaani miji ambamo mfanyakazi anaishi karibu na majani na miti badala ya kubanwa katikati ya moshi wa viwanda. Mji wa kwanza wa namna hiyo, Letchworth, ulianza kujengwa mwaka 1903. Fikra hiyo ilisafiri hadi huku kwetu. Mpango Mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948 ulisisitiza kwamba jiji ligawanywe katika vijiji vya mjini, kila kimoja kiwe na shule yake, maduka yake na mahali pa watu kukutania. Ukitembea Kaloleni unaiona fikra hiyo kwa macho: katikati pana uwanja mpana na ukumbi wa jamii, na njia zinatoka hapo kuelekea kwenye nyumba.

Lakini tusije tukamdanganya mtoto, msomaji. Uzuri huu ulikuwa na ncha. Nairobi ya wakati huo iligawanywa kwa rangi ya ngozi: Wazungu upande wa milimani, Wahindi mahali pao, na Waafrika huku mashariki, karibu na reli na viwanda. Mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Kwa muda mrefu serikali ilimhesabu kama mikono tu: aje mjini peke yake, apewe mahali pa kulala, afanye kazi, kisha arudi kwao. Mke na watoto hawakuwa katika hesabu. Vita vilipoleta wafanyakazi wengi zaidi mijini, na migomo ikazuka, kama ule mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, wakubwa waliona kwamba mtu asiye na nyumba wala familia karibu naye hatulii. Kaloleni ni miongoni mwa mitaa iliyojengwa kwa kukubali, japo shingo upande, kwamba Mwafrika wa mjini naye ana jamaa.

Kwa hiyo ukiona vigae hivyo, mwambie mtoto mambo mawili kwa pamoja. Hili lilikuwa jema kuliko lililotangulia. Na hili lilikuwa ndani ya ua ambalo mwenyewe hakulichagua.

Sasa twende ukumbini. Usitarajie jumba la kutisha. Ni jengo la kawaida, ambalo ungelipita bila kugeuza shingo kama hukuambiwa. Lakini wazee wa Kaloleni walilipa jina la bunge la Uingereza, House of Commons, na si kwa mzaha mtupu. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, vyama vya kisiasa vya Waafrika vilipigwa marufuku. Ilipofika Juni 1955 serikali iliruhusu vyama vya wilaya tu, si vya nchi nzima, ikidhani kwamba imewafunga wanasiasa miguu. Basi siasa za Nairobi zikaingia kumbi za Eastlands kama huu. Majina yanayotajwa hapa ni ya Tom Mboya, Argwings-Kodhek na Jaramogi Oginga Odinga.

Machi 1957 Waafrika walipigiwa kura kwa mara ya kwanza ili waingie katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu nchi nzima, na si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura. Kiti cha Nairobi kiligombewa na Argwings-Kodhek, mmoja wa mawakili wetu wa kwanza, na Mboya, kijana wa miaka 26. Mboya akashinda. Mwanangu alipiga hesabu kwa vidole, akauliza: "Kwa hiyo alikuwa amempita kaka yetu kwa miaka minne tu?" Naam, minne tu. Kaka yake, ambaye huamka saa nne siku za Jumapili, alikuwa nasi na alisikia.

Na kabla ya kura hizo kulikuwa na alfajiri moja ambayo wazee wa mitaa hii hawaisahau. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza na polisi walilizingira jiji katika msako ulioitwa Anvil. Nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, watu walitolewa nje wakapangwa mistari. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipakiwa kwenye malori na magari ya moshi wakapelekwa kizuizini. Wengine walitambulishwa na watu waliofunikwa nyuso kwa magunia yenye matundu ya macho. Jirani alilala na majirani wengi akaamka na wachache. Mtaa ulionyamaza siku ile ndio huu huu ambao Jumapili hii watoto wanacheza kati.

Kabla hujatoka, pita maktaba ya Kaloleni. Hii ni tawi la maktaba ya McMillan iliyoko katikati ya jiji, ambayo ilifunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Tawi hili la Kaloleni lilikuwa limechakaa, hadi shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilipolikarabati pamoja na lile la Makadara. Ikiwa una mwanafunzi nyumbani ambaye hana meza ya kusomea, na huku kwetu Tassia ni wengi, mwonyeshe njia ya kufika hapa katikati ya juma. Nauli ya matatu ni rahisi kuliko masomo ya ziada.

Na unapotembea, kumbuka kwamba hili si jumba la makumbusho. Ni makwao watu. Marehemu Mambo Mbotela alikuwa na kipindi redioni kilichouliza, "Je, huu ni ungwana?" Jiulize swali hilo kabla ya kumpiga picha mama anayefua mlangoni pake. Salimia kwanza. Ukimkuta mzee amekaa kivulini, mwamkie, umwambie umetoka wapi na unatafuta nini. Aghalabu utaletewa kiti.

Sisi tuliletewa viti vitatu. Shangazi alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, akichambua mchele kwenye ungo. Mwanangu hata hakukaa. Aliwaona watoto wakicheza mpira uwanjani, akaangalia kushoto na kulia kama mtu anayetafuta mwenye duka, kisha akauliza: "Nyanya, uwanja huu ni wa nani?"

"Ni wetu," akajibu shangazi.

"Mtu halipi?"

"Alipe nini, mjukuu wangu? Kwani majani yana bili?"

Alikimbia hata kabla jibu halijaisha. Nimemlea mtoto huyu miaka kumi na mitatu, nami sijui kama niliwahi kumwona akikimbia kwa mstari mrefu namna ile bila kusimama. Kwetu huchezea koridoni au juu ya paa, na mpira ukianguka ni wa aliyeuokota. Shangazi alimtazama, akasema: "Mbona anakimbia kama aliyefunguliwa?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ndipo akanionyesha mlango wake. Palikuwa na nambari iliyoandikwa kwa rangi, mpya, yenye michirizi. Akaniambia kwamba walikuja watu wenye makaratasi, wakahesabu nyumba, wakauliza anaishi na nani, wakaandika, wakaenda zao. Majirani wanasema maghorofa yanakuja. "Sikatai," akasema. "Mvua ikinyesha paa hili linavuja mahali pane, na choo kimeziba tangu Pasaka. Lakini nataka mtu aniambie jambo moja. Wakinitoa hapa, nitarudi? Na nikirudi, nitawekwa ghorofa ya ngapi na miguu hii?"

Msomaji, swali hilo ndilo lililonifanya niandike leo.

Kwa miaka mingi kumekuwa na mipango ya kubomoa mitaa ya zamani ya jiji na kusimamisha maghorofa. Pangani umekwisha kubomolewa na majumba marefu yamesimama. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa jina hilo kuondolewa njiani: kijiji cha kwanza cha Pangani kilivunjwa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wengi wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo.

Simpingi anayetaka kujenga. Jiji lina watu wengi na nyumba ni chache. Ningekuwa mwongo nikisema kila kitu kibaki kilivyo. Tembea nyuma ya nyumba za Kaloleni utaona vibanda vya mabati vilivyoongezwa kila penye nafasi, mitaro iliyopasuka, na vigae vilivyoanguka bila kurudishwa. Familia iliyokuwa ya watu watano mwaka 1967 sasa ina wajukuu na vitukuu, na nyumba ni ileile. Mtaa haukuchakaa kwa sababu ya uzee. Ulichakaa kwa sababu hakuna aliyeutengeneza.

Ninachosema ni hiki. Mimi natoka Tassia. Najua ghorofa lisilo na uwanja linafanya nini kwa mtoto. Najua usiku unavyokuwa mrefu kwa mama mwenye mgonjwa ghorofa ya saba wakati maji yamekatika. Kabla mtu hajachora nyumba mpya za Kaloleni, na apande matatu aje kwetu, ahesabu ngazi, atafute mti. Kisha arudi aulize: nyumba ziongezwe vipi, na majani yabaki? Na mzee aliyelipa kodi zaidi ya miaka 50 apewe ahadi ya maandishi, si ya mdomo. Ukumbi na maktaba navyo viwekwe kando ya tingatinga. Tunayo Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, inayoiwezesha serikali kutangaza majengo ya kihistoria yalindwe. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya ngome za Pwani peke yake.

Lakini tusimalizie matembezi kwa huzuni, maana bado miguu ina nguvu. Tuliagana na shangazi, tukavuka Barabara ya Jogoo kwa uangalifu, tukaingia Shauri Moyo. Inasemekana kwamba wenye nyumba wa kile kijiji cha Pangani walipoambiwa wahame, kuja hapa ama kutokuja lilikuwa ni shauri la moyo wa kila mmoja. Jina hilo limebaki na uchungu wake mpaka leo.

Kutoka hapo elekea uwanja wa Kamukunji. Hapa ndipo wananchi walipojaribu kukutana tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi, na serikali ikajibu kwa rungu na risasi. Siku hiyo twaiita Saba Saba. Mwonyeshe mtoto ukumbi wa Kaloleni na uwanja wa Kamukunji siku moja, naye ataelewa bila mahubiri kwamba uhuru haukudaiwa mara moja tu.

Ukiendelea utafika Pumwani, mtaa uliotengwa kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hapa tofauti na Kaloleni, wakazi waliruhusiwa kujijengea nyumba, na ndiyo sababu Majengo yana sura ya Kiswahili, yenye misikiti na vibaraza. Hospitali ya uzazi ya Pumwani ilianzishwa mwaka 1926. Uliza ndani ya matatu yoyote ya Eastlands nani alizaliwa Pumwani, uone mikono itakavyoinuka. Na wanafunzi waliosoma riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth, iliyotoka mwaka 1986, watamkumbuka Paulina, msichana aliyepotea njia katika mitaa ya Nairobi ya 1956. Chukueni kitabu hicho mkakisome upya baada ya matembezi haya. Mtaona mmeshajua njia.

Maliza Kariokor. Jina hili ni Carrier Corps iliyopita katika kinywa cha Mswahili, kama ilivyokuwa Kariakoo ya Dar es Salaam. Ni kumbukumbu ya wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa. Sokoni hapo kuna viondo, viatu vya ngozi na nyama choma. Kaa, agiza nyama na ugali, na kabla mkono haujagusa sahani mwambie mtoto ni kina nani waliolipa jina la soko hili. Kisha muache ale.

Wangu alikula kama aliyetoka vitani. Jioni hiyo, tuliporudi Tassia, alikaa mezani akaandika bila kutafuna kalamu. Nilichungulia begani mwake. Hakuwa ameanza na mwaka 1948 wala na Waitaliano. Alikuwa ameandika: "Nyanya yangu anaishi Kaloleni. Mlango wake umepigwa nambari. Anataka kujua kama atarudi." Kurasa mbili hazikumtosha, akaomba ya tatu.

Basi nawe, msomaji, usingoje mwalimu atoe kazi. Kila familia ya jiji hili ina mtu wake Kaloleni, Makongeni, Bahati, Ziwani au Jerusalem: babu, shangazi, au hata yule mwenye nyumba aliyekupokea ulipotoka mashambani. Nenda umwone Jumapili ijayo ungali na nafasi. Beba sukari na daftari. Mwulize aliingia mwaka gani, jirani yake wa kwanza alikuwa nani, mti ule aliupanda nani. Andika majina. Piga picha ya mlango. Tingatinga linaweza kuvunja ukuta kwa dakika tano, lakini haliwezi kufuta kilichokwisha andikwa.

Na ukirudi, ukiona mtoto wako ametulia zaidi, jua ni yale majani. Nakutakia Jumapili njema. Hadi juma lijalo, kwaheri ya kuonana.